Mkiwa, Tulipomsubiri Yona

Tangu nirudi, kila mtu ofisi ya walimu ananiuliza swali lile lile: Debora, ilikuwaje safari ya Kinampanda mpaka Kilimatinde ikakumalizia siku nzima, na nani alikushauri upande Twende Wote? Nimechoka kusimulia vipande vipande, leo huyu, kesho yule. Juzi nimesikia kipande kimoja kikinirudia kimetiwa chumvi nyingi. Kwa hiyo nimeandika. Asomaye asome, asinisimamishe tena kwenye korido.

Kinampanda mpaka Misigiri

Mnajua kwamba mama yangu anaishi Kinampanda, nyumba ile ile aliyoolewa. Jicho la kushoto lilikufa zamani, lilichomwa na mwiba wakati anakata kuni. La kulia likaingia mtoto wa jicho, na kufikia mwaka huu alikuwa anatutambua kwa sauti na kwa miguu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya misheni, Kilimatinde, na mwisho wa kuandikisha wagonjwa ulikuwa Jumanne saa kumi jioni. Asiyeandikishwa angengoja mpaka waje tena, na hakuna aliyejua wanakuja tena lini.

Mimi nilitaka tupande mabasi mapya, yale yenye viti vya kulala na televisheni. Mama akakataa. Akasema anapanda Twende Wote au haendi. Nikamwambia Twende Wote itatuchelewesha. Akasema basi tutachelewa. Mnajua watu wa Iramba wakishika neno. Nikaacha.

Kwa msiojua, Twende Wote ni kampuni ya mabasi mawili, siku hizi. Zamani yalikuwa saba. Aliianzisha Mzee Msengi, mfanyabiashara wa vitunguu, aliyekuwa na lori moja la kupeleka mzigo Singida. Watu walikuwa wanadandia juu ya magunia, akaona aibu kubeba mama za watu kama vitunguu, akaweka mabenchi, halafu paa, halafu likaitwa basi. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa na baba yangu. Wengine wana yao.

Lakini linalojulikana zaidi ni daftari. Wakati wa mvua, njia ikiwa tope tupu, basi lilisimama karibu na Mkiwa abiria wachimbe dawa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alienda mbali kidogo kwa sababu ya haya, basi likaondoka bila yeye. Waligundua wamefika Manyoni. Mzee Msengi alirudi mwenyewe kumtafuta, na tangu siku hiyo akaamuru kila basi lake liwe na daftari la shule lenye majina ya abiria, na kila kituo kikubwa majina yaitwe, mmoja mmoja, kila mtu aitike. Jina lisipoitikiwa, basi haliondoki.

Mzee alishafariki. Binti yake ndiye anayeendesha kampuni, na daftari bado lipo. Watu wanalicheka. Vijana wanaliita basi hilo Darasa la Kwanza, na wakiitwa wanaitikia kwa sauti za kitoto. Wapo wanaosema ndiyo maana kampuni imebaki na magari mawili, kwa sababu mtu wa leo ana haraka zake. Wapo pia, hasa akina mama, wanaopeleka watoto shule za mbali na hawapandishi mtoto basi jingine lolote. Mimi nilikuwa upande wa wanaocheka.

Siku hiyo hiyo ya mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, basi lilitukuta barabarani. Konda anaitwa Jumanne, mtu mzima wa makamo, mpole, kalamu iko sikioni muda wote. Akamshika mama mkono, akamwamkia, akamkalisha kiti cha nyuma ya dereva. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amebeba kikapu chenye viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na chupa ya uji. Kiti cha pembeni yetu, ng'ambo ya njia, kilikuwa kitupu. Mtu mmoja akataka kukaa, Jumanne akamwambia hicho kina mwenyewe. Sikulitilia maanani.

Misigiri mpaka Singida mjini

Misigiri tulipanda lami, nami nikajisemea sasa tutakimbia. Tulikimbia dakika kumi na tano. Kuna ng'ombe walikuwa wanavuka, wengi, na mchungaji wao hakuwa na haraka yoyote duniani. Dereva akazima injini kabisa. Nikamuuliza Jumanne kwa nini azime. Akasema mwendo wa ng'ombe hauongezwi na injini. Mama akacheka, akamenya kiazi.

Stendi ya Singida tulifika saa tatu na nusu. Hapo majina yaliitwa kwa mara ya kwanza. Jumanne alisimama katikati ya njia, akafungua daftari, akaanza. Mama mmoja wa Ikungi, aliyepanda hapo na matenga ya kuku, alipoitwa "Mama Zuhura" akaitikia kwa niaba yake na ya kuku wake, watu wakacheka. Konda alipofika kwetu akasema, "Mwalimu Debora," nikasema nipo. "Mama Yona." Mama akasema nipo.

Hapa lazima niwaambie habari ya Yona, bila hivyo hamtaelewa. Yona ni kaka yetu mkubwa. Kwa sababu ndiye wa kwanza, mama anaitwa Mama Yona, kijiji kizima, kanisani, mpaka kwenye kitabu cha zahanati. Jina lake la Raheli hata sisi tunalisahau. Lakini Yona mwenyewe alikuwa hajatajwa nyumbani kwetu miaka tisa. Baba alipofariki, Yona alikuwa anafanya kazi Dar. Tulimpigia simu, akasema anakuja. Tulichelewesha maziko mpaka jioni, hakutokea. Alifika kesho yake asubuhi, watu wanakunja mikeka. Akasema alishuka njiani kidogo, basi likamwacha, na siku hiyo hakupata jingine.

Nani angeamini? Mimi sikuamini. Nilimjibu mbele ya wazee, wala sikupunguza sauti, kwamba wanaoachwa na basi ni wale wanaotaka kuachwa. Akaondoka siku ile ile. Tukasikia amehamia porini, njia ya Itigi, anafuga nyuki. Hakurudi tena Kinampanda, na mimi sikumtafuta.

Singida mpaka Mkiwa

Nilipanga tukifika Manyoni saa saba tutakuwa salama. Ikungi tulikaa nusu saa kwa sababu tenga moja la Mama Zuhura lilifunguka wakati wa kushusha, na kuku wanne wakaingia chini ya basi. Dereva hakukubali kuwasha mpaka wote wahesabiwe. Nilishuka mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nikachutama kwenye vumbi na fimbo ya mtu nikiwaswaga. Wa mwisho alitolewa amejificha nyuma ya tairi.

Niliporudi kitini mama akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa tano na nusu. Akauliza Mkiwa tutafika saa ngapi. Nikasema kwenye saa sita, lakini sisi tunakwenda Manyoni, Mkiwa tunapita tu. Baadaye kidogo akauliza tena ni saa ngapi. Nilidhani ana wasiwasi na upasuaji, nikamshika mkono.

Mkiwa

Mkiwa ni njia panda. Ukinyoosha unakwenda Manyoni, ukikata unakwenda Itigi. Pana vibanda vya chakula na wauza vitunguu wanaoinua mafungu yao mpaka dirishani. Tulipewa dakika ishirini. Nilikula wali maharage kwa haraka, nikampelekea mama chai. Hakuinywa. Alikuwa amegeuza uso upande wa njia ya Itigi, japokuwa nilijua haoni kitu huko zaidi ya mwanga.

Jumanne akapanda na daftari lake. Akaita, watu wakaitikia. Mwalimu Debora, nipo. Mama Yona, nipo. Halafu akaita, "Yona."

Kimya. Akaita tena. Kimya.

Mimi nikasema, "Kaka, hilo umeandika mara mbili. Ni mama yangu huyu, Mama Yona, ameshaitika. Futa twende."

Nilisema kwa uhakika kabisa, maana naandika rejista kila siku na najua makosa yanavyoingia. Jumanne akaangalia daftari, akatoa kalamu sikioni. Alikuwa ameshaishusha kwenye karatasi.

"Usifute," mama akasema. "Tuko wawili. Mimi ni Mama Yona, na Yona ni Yona. Kiti chake ni hicho."

Nikakitazama kile kiti kitupu. Kisha yakatoka yote. Kumbe Jumapili, konda alipopita Kinampanda, mama alimwandikisha Yona apandie Mkiwa, na akamtuma konda amwambie mama lishe wa Mkiwa apeleke ujumbe porini kwa kumtumia mtu wa pikipiki. Ndiyo maana hakutaka basi jingine. Basi jingine lisingemsubiri mtu.

Nikamuuliza, kwa Kinyiramba, ili watu wasisikie, kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwa Kiswahili, kila mtu akasikia.

"Ungekataa. Nina jicho moja, Debora, na kesho linapasuliwa. Likizimika, nitakuwa nimeshamwona. Sasa hivi mtu akinisogelea karibu na dirisha, pua naiona na macho nayaona. Inanitosha."

Nilikasirika. Nikatazama saa. Saa sita na dakika arobaini.

Namba ya Yona haikupatikana, huko kwenye mizinga hakuna mtandao. Saa saba ikapita. Abiria wakaanza. Kijana mmoja wa mbele akasema huu ni ujinga, mtu mmoja anashikilia watu hamsini. Mzee mwingine akasema aliyeona ujinga angepanda basi la televisheni. Wakabishana. Mama Zuhura alikwisha kushuka Ikungi, yeye angalau angetuchekesha. Dereva alikuwa kivulini anakula ndizi.

Saa saba na nusu nilishuka nikamfuata Jumanne nyuma ya basi. Nilimweleza habari ya saa kumi, kwamba tukizidi hapo mama anakosa daktari, na jicho lenyewe ndilo hilo moja. Nilimwomba aondoe gari. Nasema wazi, nilimwomba tumwache. Nikamwambia namjua kaka yangu, haji.

Jumanne akafikiri. Akasema, "Mwalimu, mwenye mgonjwa ni wewe. Mama akisema tuondoke, naondoa gari sasa hivi. Lakini aseme yeye."

Nikarudi ndani. Nikamwambia mama, tuondoke, utakosa daktari. Alikaa kidogo, vidole vinakunjakunja pindo la kitenge. Akasema, "Ngoja kidogo tena." Alisema taratibu, kama anayeomba, na mama yangu si mtu wa kuomba. Nikakaa.

Saa saba na dakika hamsini pikipiki ikatokea njia ya Itigi, inasukumwa, nyuma imebaki rimu tupu. Watu wawili, mmoja anasukuma, mwingine amebeba tairi la nyuma begani. Mwenye tairi alikuwa Yona. Amekonda, mvi zimemtoka, viatu vyekundu kwa vumbi. Walipata pancha wakiwa mbali, kiraka kikagoma, wakasukuma mpaka hapo.

Alipanda akasimama mlangoni, hajui akae wapi. Jumanne akafungua daftari na kumwita upya, kama kwamba hatujui ni nani.

"Yona."

"Nipo."

Basi zima likapiga makofi, hata kijana aliyelalamika. Yona akapiga goti mbele ya mama kwenye ile njia nyembamba, akamwamkia. Mama akamvuta kichwa mpaka dirishani, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule, pua kwa pua, muda mrefu mpaka dereva akawasha gari. Akamwambia, "Umezeeka, mwanangu." Halafu akalia.

Yona akanigeukia. Kwetu mdogo hamkuti mkubwa wake bila kutoa shikamoo, hata kama mmegombana, hata kama mko mahakamani. Mimi nilisema, "Habari." Mama alisikia. Jumanne alisikia. Yona akasema nzuri, akakaa kwenye kiti chake.

Manyoni na Kilimatinde

Manyoni tuliingia saa tisa na dakika tano. Basi linaishia hapo. Magari ya kwenda Kilimatinde ni Noah zinazojaa kwanza ndipo ziondoke, na iliyokuwepo ilikuwa na watu watatu. Nikakokotoa kichwani, nikaona hatufiki. Nikaanza kumlaumu kila mtu kimoyomoyo, kuanzia ng'ombe wa Misigiri.

Yona aliniomba karatasi ya rufaa ya mama, nikampa bila kumtazama. Akapanda bodaboda, akaondoka. Sisi tulikaa kwenye Noah mpaka ikajaa, tukapanda mlima tukiwa tumebanana na magunia ya mahindi. Tulifika getini saa kumi na robo.

Muuguzi wa mapokezi alikuwa anafunga vitabu. Nilianza kujieleza, akanikatiza akaniuliza huyu ndiye Mama Yona? Akasema wameshamwandika, ni wa mwisho kwenye orodha. Alisema mtoto wake wa kiume alisimama hapo dirishani akakataa kuondoka, na kila walipomuuliza mgonjwa yuko wapi, alijibu yuko njiani anakuja. "Nikamwambia, baba, nikiandika na asije?" muuguzi akasema. "Akaniambia, andika, mimi ndiye Yona mwenyewe."

Kesho yake mama alipasuliwa. Keshokutwa yake bandeji ikatolewa. Tulisimama mimi kulia, Yona kushoto, daktari akaonyesha vidole, mama akavihesabu bila kukosea. Kisha akanitazama mimi kutoka juu mpaka chini, na nilingoja neno zuri. Akasema, "Debora, hilo gauni limekubana." Yona alicheka mpaka akatoka nje. Nikacheka na mimi, ila si pamoja naye.

Kurudi

Ijumaa tukateremka Manyoni kuiwahi Twende Wote ya saa nne. Majina matatu yakaandikwa, Yona akishukia Mkiwa. Mama alikuwa ameambiwa akinge jicho na vumbi na jua, nami nikaona hapo stendi kuna wauza miwani myeusi. Nikawaambia nakwenda mara moja.

Mnanijua. Miwani ya kwanza ilikuwa ya plastiki mbovu, ya pili kubwa mno kwa uso wa mama, ya tatu muuzaji anajifanya inatoka ng'ambo. Nikaenda kibanda cha pili, na cha tatu, mpaka nikatokea nyuma ya soko. Nilipopata niliyoitaka nikatazama saa, ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu chuo cha ualimu. Nilikuwa nimechukua hela tu mkononi; simu yangu ilikuwa ndani ya pochi, pochi iko kwa mama.

Basi lilikuwepo. Injini inaunguruma, abiria wametoa vichwa nje, na Yona amesimama mlangoni, mguu mmoja kwenye ngazi na mmoja chini. Nilisikia mtu ndani anamwambia huyo dada yako hajali. Yona akamjibu, "Anakuja. Kuna kitu amekwenda kumnunulia mama."

Alinipisha nikapanda. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nikamvalisha mama miwani, akafurahi nayo, akauliza kama anafanana na watu wa Dar.

Tulikwenda karibu nusu ya njia. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka, lakini siku hiyo nilianza sentensi mara tatu ndani ya kichwa. Mwishowe nikamgeukia.

"Siku ile ya msiba wa baba, ulipoachwa na basi. Ulishuka kufanya nini?"

Alitazama mbele kwanza.

"Kununua sukari," akasema. "Nilikuwa nakuja msibani mikono mitupu. Nikaona nichukue hata kilo tano, wasaidie kwenye chai ya waombolezaji. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilirudi na mfuko wangu, basi halipo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema basi limeniacha. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilishuka."

Ni kweli. Miaka tisa, na mimi ndiye mwenye kazi ya kuuliza maswali. Mfuko wa sukari naukumbuka. Ulikuwa pembeni ya mlango asubuhi ile, mimi nikadhani umeletwa na majirani, nikaumimina kwenye pipa la sukari. Nililia pale kitini, na sioni aibu kuliandika. Mama alitazama nje muda wote na miwani yake, kama hasikii.

Mkiwa Yona alishuka. Alimuaga mama, akanipungia mkono mimi, akaanza kwenda upande wa njia ya Itigi. Jumanne akaita majina. Watu wakaitikia. Alipofika kwa Yona mama akasema, "Ameshuka." Jumanne akampigia mstari, dereva akaweka gia.

Nikamwambia Jumanne angoje. Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa, na mbele ya wauza vitunguu wote wa Mkiwa nikaita kwa nguvu.

"Shikamoo, kaka."

Salamu ya kukutana, nami naitoa tunaachana. Yona alikuwa ameshafika mbali kidogo. Alisimama, hakugeuka mara moja. Kijana mmoja nyuma yangu akauliza tunamsubiri nani tena, na Jumanne akamwambia kuna mtu hajaitika.

"Marahaba," Yona akasema.

Ndipo basi likaondoka.